Walipobaki Nyumbani: Masisi na Walikale katika Mwaka wa Corona

Jumatano jioni, tarehe 18 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alilihutubia taifa. Zilikuwa zimepita siku nane tu tangu mgonjwa wa kwanza wa corona atangazwe nchini, huko Kinshasa. Kuanzia siku iliyofuata shule na vyuo vikuu vilifungwa, ibada zikasimamishwa, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Tarehe 24 Machi ikaja hali ya dharura: mipaka ikafungwa, na safari za abiria kati ya Kinshasa na majimbo zikakatika. Hatua hizo zilitangazwa kwanza kwa majuma manne. Milango ya makanisa ilikaa imefungwa karibu miezi mitano.

Vijana wapendwa, wengi wenu mlikuwa wadogo wakati ule, na pengine mnaukumbuka kama likizo ndefu isiyo na mwisho. Inafaa kuurudia mwaka huo kama tunavyorudia historia yoyote, kwa kuuliza: watu wa Masisi na Walikale walifanyaje ili mioyo yao isizame?

Kusema kweli, vijijini hakuna aliyefungiwa ndani kama walivyofungiwa wakazi wa Gombe, mtaa wa Kinshasa uliofungwa kabisa tangu tarehe 6 Aprili, wala kama watu wa Italia waliohitaji karatasi ya ruhusa ili watoke mlangoni. Mkulima wa Masisi aliendelea kupanda maharage na viazi, na mchungaji aliendelea kukamua ng'ombe kwenye vilima vile vinavyotupatia jibini yetu. Katika misitu ya Walikale, wilaya yenye kilometa za mraba zaidi ya 23,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya jimbo lote la Kivu Kaskazini, kijiji kimoja kiko mbali na kingine hata bila amri ya serikali. Kilichofungwa kwao hasa ni mahali pa kukutana: darasa, Misa ya Dominika, mazoezi ya kwaya, kiwanja cha mpira, kilio cha msiba kinachojaza ua. Hesabu yenyewe ya watu 20 iliwachekesha wengi. Katika nyumba yenye bibi, wajukuu, na familia ya shangazi iliyokimbia vita, chakula cha jioni peke yake kilikaribia kuvunja sheria.

Nacho kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake. Amri ya kubaki nyumbani ilidhani kwamba kila mtu anayo nyumba, na kwamba nyumba ni mahali pa salama. Masisi imekuwa na kambi za wakimbizi wa ndani tangu vita vya miaka ya 1990, na watoto wengi wa Walikale wamejifunza kufunga mzigo kabla ya kujifunza kusoma. Tarehe 23 Machi 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliomba silaha zinyamaze duniani kote ili watu wapambane na ugonjwa. Huku kwetu hazikunyamaza. Mwezi Julai kundi kubwa lililokuwa na makao yake Pinga liligawanyika, na wapiganaji wake wakageuziana bunduki. Mama aliyelala chini ya turubai, mita chache tu kutoka kwa jirani, alisikiaje maneno ya kukaa mbali na wenzake? Tunapowasifu waliotunza moyo nyumbani, tumkumbuke yeye kwanza.

Hata hivyo, watu hao hawakuanza kujifunza subira mwezi Machi. Ebola ilikuwa imetangazwa katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, upande wa Beni, na mwaka uliofuata ikafika Goma na hata Pinga, ndani ya Walikale. Ndoo za maji yenye klorini mlangoni, kupimwa joto barabarani, kuacha kushikana mikono, kumzika ndugu bila kumgusa: yote hayo jimbo letu lilikuwa limeyazoea wakati Ulaya bado inashangaa. Ikawa kwamba mwisho wa Ebola ulitazamiwa kutangazwa tarehe 12 Aprili 2020, ambayo ilikuwa Dominika ya Pasaka. Tarehe 10 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, mgonjwa mpya akathibitishwa Beni. Watu wakangoja tena, hadi tarehe 25 Juni. Kwa ujumla waliougua walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287. Wakati huohuo surua, ambayo haikuzungumzwa sana katika habari za dunia, iliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo tangu mwaka 2019, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Kwa hiyo corona iliingia katika nyumba zilizokwisha kuchoka, lakini zilizokwisha pia kujifunza.

Yako mafunzo ya zamani zaidi, na hayo yanawahusu ninyi wa vikundi vya vijana moja kwa moja. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulivunja mashirika yote ya vijana ya kidini, ukataka kijana awe na chama kimoja tu, tawi la vijana la MPR. Skauti, Kiro, na Xaveri ile iliyozaliwa Bukavu miaka ya 1950, vyote vilikatazwa kukutana. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa, na shule za Kanisa zikachukuliwa na serikali, zisirudishwe katika usimamizi wake hadi 1977. Hapakuwa na ugonjwa wakati ule. Palikuwa na amri. Lakini kufungwa ni kufungwa, na swali lilikuwa lilelile: watu wakikatazwa kukutana mahali pakubwa, wanabaki na nini?

Walibaki na shirika. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamechagua tangu mwaka 1961 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo za majirani, zinazosali, zinazotembelea wagonjwa na kusuluhisha ugomvi nyumbani kwa mtu. Uamuzi uliochukuliwa kabla ya dhiki ukawa kimbilio siku ya dhiki. Wazee wetu walikuwa wakisali sebuleni wakati sherehe za Chama zikijaza viwanja. Vijana nao walipata njia: huko Kinshasa ukachipuka mwendo wa Bilenge ya Mwinda, vijana wa nuru, uliolelewa na Askofu Matondo kwa Nzambi, ukaenea hadi majimbo ya mbali.

Mwaka 2020, basi, Kanisa lilipofungwa kwa mara nyingine, wengi hawakuhitaji kuvumbua jambo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umeiita familia kanisa la nyumbani, mwaka 1964, na maneno hayo yalikuwa yakisomwa katika mafundisho ya ndoa bila kugusa mtu sana. Sasa yakawa maelezo ya kawaida ya Dominika asubuhi: baba anasoma Injili, mtoto anachagua wimbo, mama anataja majina ya wagonjwa wa kijiji. Tarehe 27 Machi Papa Fransisko alisali peke yake katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, mbele ya msalaba wa kanisa la Mtakatifu Marcello ambao Waroma waliutembeza mitaani wakati wa tauni ya mwaka 1522. Waliosikia habari hiyo redioni walitambua kwamba hata Roma imebaki na watu wachache na mvua. Sijui kama Masisi imewahi kujisikia karibu na Roma kiasi hicho.

Lakini sala ina saa yake, na siku ni ndefu. Jioni ndizo zilizokuwa nzito, hasa kwa kijana asiye na umeme wala mtandao, anayesikia habari za vifo tu. Hapo ndipo jambo la kale kuliko parokia zetu zote lilipofaa: moto wa jikoni na hadithi.

Walikale ina haki ya kujivunia jambo hili. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa na mtambaji wa Kinyanga, Candi Rureke, akasikiliza kwa siku 12 utenzi wa shujaa Mwindo. Rureke alisimulia, aliimba, aliigiza na kucheza, huku wenzake wakipiga mdundo na kuitikia. Maandishi hayo, yaliyotayarishwa pamoja na msomi Mnyanga Kahombo Mateene, yalichapishwa Marekani mwaka 1969, na leo husomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Ni ajabu kidogo kwamba mwanafunzi wa Chicago anaweza kumjua Mwindo kuliko mwanafunzi wa Masisi.

Kisa chenyewe kinagusa habari yetu. Chifu Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume. Alipozaliwa Mwindo, aliyetembea na kusema siku ileile, baba alimtupia mikuki, akamzika akiwa hai, na aliposhindwa akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma haikuzama. Mtoto aliimba humo ndani, akisema anakwenda kwa shangazi yake Iyangura. Sauti ikasikika juu ya maji, na mwishoni ni shangazi aliyeipasua ngoma.

Mambo mawili katika kisa hiki wazee wa Kinyanga waliyaona mapema kuliko washauri wengi wa mwaka 2020. La kwanza, Mwindo hakuimba ili ajiliwaze tu. Wimbo wake ulikuwa na anwani. Alimtaja mtu anayemwendea. Watu waliojua kuvumilia miezi ile walifanya vilevile: walimpigia simu mjomba aliyeko machimboni Bisie, walipeleka sahani ya sombe kwa mzee anayeishi peke yake, waliahidiana siku ya kukutana. Ushauri wa kujichangamsha peke yako, uliojaa katika simu zetu, haukufika mbali, nami nadhani ni kwa sababu hii.

La pili ni gumu zaidi. Mwindo hakuhatarishwa na mgeni. Hatari yake ilikuwa baba yake, ndani ya ua wake. Miezi ya kubaki nyumbani ilikuwa kwa wengine miezi ya kipigo, ya pombe, ya binti anayenyamaza kwa sababu mwalimu aliyezoea kumwambia siri yuko mbali. Shule ilipofungwa, mlango wa kimbilio ulifungwa pia. Tukisimulia mwaka ule kwa nyimbo za familia tu, tutakuwa tumeacha nusu ya historia. Katika utenzi, baba na mwana wanapatana mwishoni na kugawana utawala, lakini kwanza Shemwindo anafuatiliwa hadi kuzimu, na anakiri kosa lake mbele ya watu wote.

Masomo hayakukatika kabisa. Redio Okapi ilitangaza masomo kwa wanafunzi, na mwenye kipokezi kidogo cha betri aliweza kuwakusanya ndugu na majirani wachache chini ya mti, daftari magotini. Ilikuwa kazi ya heshima, ingawa haikutosha. Masomo yalikuja kwa Kifaransa, milima huzuia mawimbi, betri hununuliwa, na mtoto wa darasa la pili huhitaji mtu wa kumshika mkono anapoandika. Mara nyingi mtu huyo alikuwa dada au kaka. Wako vijana wa sekondari waliowafundisha wadogo zao kusoma katika miezi ile, kwa mkaa juu ya ubao, bila mtu kuwaagiza. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure tangu Septemba 2019. Maelfu ya watoto walioingia darasani kwa furaha mwaka huo walikuwa wamesoma miezi sita tu mlango ulipofungwa.

Hali ya dharura ilikwisha tarehe 21 Julai. Rais alipanga ufunguzi kwa hatua: kwanza maduka na usafiri, kisha mwezi Agosti wanafunzi wa madarasa ya mwisho, na tarehe 15 Agosti makanisa. Ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, na sidhani kama ofisi ya Rais iliichagua kwa sababu hiyo. Watu walinawa mikono mlangoni, wakavaa barakoa zilizoshonwa na mafundi wa sokoni, wakakaa mbalimbali. Mkono wa amani ukawa kuinamiana tu. Tarehe 12 Oktoba mwaka mpya wa shule ukaanza kwa wote, ukakatizwa tena tarehe 18 Desemba, wimbi la pili lilipopanda, hadi tarehe 22 Februari 2021.

Siku hiyo ya Februari walimu waliita majina kama kawaida. Kulikuwa na viti vitupu. Wavulana kadhaa walikuwa wamekwenda kwenye mashimo ya koltani Rubaya na hawakutaka, au hawakuweza, kuacha fedha kidogo walizokwisha kuzizoea. Wasichana kadhaa walikuwa na watoto migongoni. Baadhi yao walirudi baadaye, na leo wamo katika vikundi vyenu. Mnawajua kwa kuwa wao ni wakubwa kuliko wenzao darasani, na huketi nyuma. Wengine majina yao yamebaki katika daftari za mahudhurio za mwaka 2019-2020, mstari wa mwisho ukiwa na alama ya siku ya Jumatano, tarehe 18 Machi.