Kansa ya tumbo na utumbo: sindano ya "kuongeza kinga" inafanya nini ndani ya mwili?

Kando ya Ziwa Albert, kutoka Kasenyi mpaka Tchomia, mtu akiambiwa ana kansa ya tumbo, familia inaanza kutafuta pesa mara moja. Wanauza nyavu, wanauza injini ya mtumbwi, kisha mtu mmoja anasema: "Ngambo kuko sindano ya kuongeza kinga, inaponyesha." Sindano hiyo iko kweli. Lakini haifanyi kazi kwa kila mgonjwa, na kuko kipimo kinachoonyesha ni nani inaweza kusaidia. Tuelewe kwanza, ndipo tuuze injini.

Tunazungumzia kansa gani?

Ni zile zinazoanzia katika njia ya chakula: bomba la chakula (umio), tumbo, utumbo mpana na sehemu ya mwisho ya haja kubwa. Waganga huweka karibu nazo kansa ya ini, ambayo huku kwetu mara nyingi inatokana na homa ya ini ya B.

Askari wa mwili wanafungwaje?

Katika damu yetu kuko chembe nyeupe. Kati yake, zile zinazoitwa chembe T ni kama askari wa doria. Zinapita mwilini kote, zinagusa kila chembe na kuuliza: wewe ni wa hapa? Chembe iliyoharibika inauawa.

Kila mtu aliyepita barabara ya Kasenyi kwenda Bunia anajua barieri. Ukionyesha karatasi nzuri, kamba inashushwa, unapita. Kansa nayo imejifunza hivyo. Juu ya ngozi yake inaweka alama inayoitwa PD-L1, sawa karatasi ya njia. Askari T naye ana kifungo kinachoitwa PD-1. Alama ikigusa kifungo, askari anaacha kupigana. Kifungo hicho si kibaya; bila hicho askari wangeshambulia mwili wenyewe. Kansa inakitumia vibaya tu.

Mjapani Tasuku Honjo na wenzake walieleza PD-1 mwaka 1992. Mwaka 2018 yeye na Mmarekani James Allison walipewa Tuzo ya Nobel, kwa sababu kazi yao ilifungua njia ya dawa hizi.

Sindano inafanya nini?

Dawa kama pembrolizumab na nivolumab zinafunika kifungo cha PD-1. Karatasi ya kansa haisomwi tena. Kwa hiyo neno "kuongeza kinga" linadanganya kidogo: dawa haileti askari wapya kutoka nje, inafungua wale waliofungwa. Chupa za mizizi na vitamini zinazouzwa sokoni kwa jina hilohilo hazifanyi kazi hiyo.

Dawa ikishika, wachunguzi wanaona mabadiliko katika damu ndani ya wiki chache: chembe T zilizokuwa zimechoka zinaanza kujigawa na kuwa nyingi. Zinaingia ndani ya uvimbe na kuua chembe za kansa. Nyingine zinabaki kama kumbukumbu. Ndiyo maana kwa wagonjwa fulani faida inadumu miaka, hata baada ya kuacha sindano.

Kwa nini haisaidii wote?

Askari anapiga kile anachokiona ni kigeni. Kuko kansa zilizopoteza fundi wao wa kurekebisha makosa ya jeni. Makosa yanajaa, na askari anazitambua haraka. Hizo zinajibu sindano vizuri sana. Huko New York, wagonjwa wa kansa ya sehemu ya mwisho ya utumbo yenye kasoro hiyo walipewa dostarlimab. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba wote 12 wa kwanza hawakuonekana tena na uvimbe. Mwaka 2025 hesabu ilifika 49, wote bila upasuaji.

Lakini kati ya watu 100 wenye kansa ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa, wenye kasoro hiyo ni kama 5 tu. Kwa wengine, sindano peke yake karibu haina faida. Kwa kansa ya tumbo, nivolumab hutolewa pamoja na dawa za kawaida za kansa. Katika uchunguzi mkubwa wa mwaka 2021, wagonjwa wenye PD-L1 ya kutosha waliishi kwa wastani miezi 14, badala ya 11. Ni faida, lakini si kupona.

Kabla ya kuvuka ziwa

Munganga anachukua kipande kidogo cha uvimbe, na labo inakichunguza. Uliza maswali mawili: "Kipimo cha MMR kimefanywa? Na PD-L1?" MMR ndiyo ile kazi ya fundi wa jeni. Uliza pia bei yote, si ya sindano moja. Marekani, pembrolizumab inapita dola 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa kansa fulani ya utumbo mpana iliyosambaa, lakini kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye farmasi. Kwa wanaopita Ntoroko kwenda Uganda, kituo kikubwa ni Taasisi ya Kansa ya Uganda huko Mulago, Kampala, iliyoanza mwaka 1967.

Hatari moja ya kukumbuka huku kwetu

Askari waliofunguliwa wanaweza kushambulia utumbo, ini, mapafu au tezi ya shingo. Mgonjwa aliyerudi nyumbani akianza kuhara sana, watu watafikiri ni kolera, maana kolera tunaijua pwani hii. Lazima amwambie muuguzi: "Nilipigwa sindano ya kinga ya kansa," hata kama imepita miezi. Kuhara kwa namna hiyo kunatibiwa kwa dawa nyingine, za kutuliza askari. Kifua kikuu na homa ya ini ya B vipimwe kabla ya kuanza, kwani vinaweza kuamka.

Yaliyo mikononi mwetu

Chanjo ya watoto ya wiki ya 6, 10 na 14 inazuia homa ya ini ya B, na hivyo kansa ya ini. Tumbaku na pombe kali vinaongeza kansa ya umio. Samaki wa chumvi nyingi kila siku hawafai tumbo. Na chakula kikikwama kooni, choo kikiwa cheusi au chenye damu, au mtu akikonda bila sababu kwa wiki mbili au tatu, aende lopitali sasa. Uvimbe mdogo bado unaweza kukatwa, na hapo sindano ya bei kubwa huenda isihitajike.