Risasi haikugeuka maji: dawa ya Simba huku Fizi na Baraka, 1964–1965

Tuanze na riwaya. Wengi wetu tuliomaliza chuo tunazisoma kwenye simu zile hadithi za giza: mji ni wa leo, umeme upo, pikipiki zipo, lakini usiku mashetani wanatoka na kijana mmoja mwenye kinga anapigana nao. Kinga yake ina masharti. Akivunja sharti moja tu, nguvu imeisha. Sisi watu wa Bibokoboko hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta habari ya namna hiyo. Teremka mpaka Baraka, kandokando ya ziwa Tanganyika, halafu rudi nyuma mpaka 1964.

Mwaka ule Gaston Soumialot na wenzake waliwasha vita upande wa mashariki. Uvira ikaanguka mwezi wa tano, na moto ukafika Fizi. Wapiganaji waliitwa Simba. Kabla ya kwenda vitani muganga aliwamwagia dawa ya majani na vitu vingine, akawachora alama, mara nyingi kwa makaa kwenye paji la uso. Walisonga mbele wakipaza sauti "Mai Mulele!", wakimtaja Pierre Mulele ambaye mwenyewe alikuwa mbali kabisa, kule Kwilu. Risasi ya adui ingegeuka maji.

Tusicheke haraka. Dawa ile ilifanya kazi, lakini si kwenye risasi, ni kwenye mioyo ya watu. Askari wa serikali nao walikuwa wana wa nchi hii hii, nao waliiogopa, basi wengi walitupa bunduki na kukimbia. Tarehe 5 mwezi wa nane 1964, Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ikaingia mikononi mwa Simba.

Masharti yalikuwa hivi: usichukue kitu kisicho chako, usiguse mwanamke, usiogope. Ukiyaangalia vizuri utaona ni sheria za jeshi lenye nidhamu, zimevikwa nguo ya uganga. Kijana ambaye hana mshahara wala afisa wa kumsimamia, utamzuia vipi asiibe na asibake? Unamwambia atakufa. Kwa upande huo, mimi naona aliyetunga masharti yale hakuwa mjinga hata kidogo.

Ubaya ulikuwa mahali pengine, na aliyeuandika vizuri ni mgeni aliyekuja kwetu akiitwa Tatu. Jina lake la kweli ni Ernesto Che Guevara. Alivuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba tarehe 24 mwezi wa nne 1965, na kitabu chake juu ya vita hivi kilichapwa 1999, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Anasimulia kwamba mwanzoni tu kiongozi mmoja, Lambert, alimweleza huku akitabasamu kwamba ndege za adui si kitu: yeye ameshapigwa mara nyingi na risasi zinaanguka chini bila nguvu. Tatu akadhani ni utani. Kumbe mwenzake anasema kweli yake. Na waliosoma siasa zaidi (hapa tujiangalie sisi wenye diploma) walimwambia kwamba dawa ni nguvu ya asili, na wao kama wafuasi wa falsafa ya Marx wanaikubali!

Tatu aligundua kwamba dawa haiwezi kushindwa. Mtu akifa, basi aliogopa, au aliiba, au alilala na mwanamke. Akijeruhiwa, aliogopa. Nani atabisha? Shahidi pekee amekufa.

Tarehe 29 mwezi wa sita 1965 walishambulia kambi ya Bendera, penye mtambo wa umeme. Wakashindwa vibaya. Walikufa Wacuba wanne na Wanyarwanda wakimbizi wasiopungua 14 waliokuwa wakipigana pamoja nao. Safari hii waliobaki hai walikuwa wengi, na lawama ikamrudia muganga. Akajitetea kwa wanawake na woga. Lakini mahali pale hapakuwa na wanawake, na si wanaume wote waliokuwa tayari kukiri woga wao. Muganga akaondolewa. Halafu? Kamanda akaanza kutafuta muganga mwingine, aliye bora. Dawa yenyewe haikuulizwa kitu.

Hapo ndipo riwaya na historia yetu vinapoachana. Katika riwaya, kinga ikishindwa tunamwonea huruma shujaa. Huku kwetu, kijana wa miaka 17 alipigwa risasi, kisha akaitwa mwizi au mwoga, na habari hiyo ikafika nyumbani kwa mama yake. Alikufa mara mbili.

Mwisho wa mwezi wa tisa askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka ziwani, na mwezi wa kumi Fizi ikachukuliwa. Hao hawakuiamini dawa, wala marubani wao, ambao wengi walikuwa Wacuba waliomkimbia Castro. (Ndiyo, Wacuba walipigana na Wacuba wenzao juu ya vichwa vya wazee wetu.) Tatu akaondoka mwezi wa kumi na moja. Simba waliobaki walipanda milimani, wakachukua ng'ombe wa watu, na vijana wengi wa Banyamulenge wakaenda upande wa serikali. Tangu hapo, shetani wa mtu wa huku akawa na sura ya jirani yake. Pande zote mbili zina makaburi, na kila upande unahesabu ya kwake tu.

Dawa bado inamwagwa huku Fizi, na jina la Mai-Mai linabeba maji yale yale. Wacuba wanne wa Bendera majina yao yameandikwa vitabuni. Wakongomani waliokufa kwenye vita vile wengi wao hawajaandikwa popote. Kama kwenu bado kuna mzee aliyekuwa Simba, au aliyepigana na Simba, kaa naye umuulize: yule mwenzenu aliyesemwa kwamba aliogopa, aliitwa nani, na mlimzika wapi?