Homoni na Mpaka wa Umri: Historia ya Tiba ya Ukomo wa Hedhi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Historia ya tiba ya homoni kwa dalili za ukomo wa hedhi husimuliwa zaidi kama historia ya Marekani na Ulaya. Mwaka 1942 kidonge cha Premarin, chenye estrojeni itokanayo na mkojo wa farasi majike wenye mimba, kiliidhinishwa Marekani. Mwaka 1975 tafiti zilionesha kuwa estrojeni pekee huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba, na matumizi ya projestini pamoja nayo yakaenea kwa wanawake ambao hawajaondolewa mji huo. Insha hii inaitazama historia hiyo kutoka Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, na inahoji kuwa homoni zilifika huko mapema, ila kwa kazi nyingine.

Mwaka 1974 serikali iliiruhusu UMATI kutoa huduma za uzazi wa mpango katika kliniki za mama na mtoto. Mwaka 1989 ukaanzishwa mpango wa taifa. Vidonge vya majira na sindano vikawa dawa za zahanati. Sindano ya Depo-Provera ina medroksiprojesteroni, dawa ileile iliyounganishwa na estrojeni katika jaribio la Women's Health Initiative, lenye wanawake 16,608, lililositishwa Julai 2002 baada ya saratani ya matiti, kiharusi na magonjwa ya moyo kuonekana zaidi kwa waliopewa dawa. Kwa hiyo pengo la tiba haliwezi kuelezwa kwa ugeni wa homoni wala kwa umbali wa wilaya hizi peke yake. Linahusu nani alihesabiwa kuwa mlengwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa 1991/92 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mwanamke wa miaka 52, anayeamka usiku ameloa jasho, alikuwa nje ya hesabu hiyo.

Mwaka 1994 ulilidhihirisha jambo hili. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Septemba, mkutano wa Kairo ulipanua maana ya afya ya uzazi ihusishe maisha yote ya mwanamke. Huduma za dharura zilizobuniwa kwa ajili ya wakimbizi katika miaka iliyofuata zilitanguliza uzazi salama, UKIMWI na ukatili wa kijinsia, na ni vigumu kuulaumu uamuzi huo. Hata hivyo, mpaka wa umri ulibaki palepale.

Dini nayo haitoshi kuwa maelezo. Hospitali ya Rulenge ni ya Kanisa Katoliki, lakini waraka Humanae Vitae wa 1968, uliokataza dawa za kuzuia mimba, haukukataza dawa hizohizo zinapotolewa kwa lengo la kutibu.

Jaribio la 2002 lilisomwa upya baadaye. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Kwa walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi kukoma, faida mara nyingi huonekana kuzidi madhara. Tiba sahihi basi hutegemea umri, kuwapo kwa mji wa mimba, shinikizo la damu, historia ya kuganda kwa damu na hali ya matiti. Mengi ya maswali hayo mhudumu wa zahanati huyauliza tayari, kwa mwanamke wa miaka 30 aliyefuata vidonge vya majira.