Tuzo ya Mwenye Kufahamisha



Wako wadhanio kwamba mwanachuoni mkubwa ni yule ambaye maneno yake hayafahamiki. Akisema jambo likawapita wote, huambiwa, "Huyu ni bahari!" Basi na tutazame walivyofanya watu wa hisabu huko Marekani, huenda tukapata mazingatio.

Mwaka 1925, chama cha walimu wa hisabu kilichoasisiwa huko mwaka 1915 kiliweka Tuzo ya Chauvenet. Tuzo hii haikuwekwa kwa ajili ya mwenye kuvumbua kanuni mpya, bali kwa mwandishi aliyeifafanua hisabu kwa ubora. Mark Kac aliipata mara mbili, mwaka 1950 na 1968. Mara ya pili ilikuwa kwa makala ya mwaka 1966 iliyouliza: je, mtu aweza kuijua sura ya ngoma kwa kuisikia mlio wake tu? Swali hilo hata mtoto hulielewa, nalo lilikaa mpaka mwaka 1992 ndipo likajibiwa: hawezi, kwani ngoma mbili za sura mbalimbali zaweza kuwa na mlio mmoja.

Na huyo Chauvenet ni nani? William Chauvenet (1820–1870) alikuwa mwalimu wa mabaharia, miongoni mwa waliopigania shule ya wanamaji iliyofunguliwa Annapolis mwaka 1845. Nyinyi wa pwani mwajua: nahodha asiyefahamu hisabu ya nyota huwapoteza wote chomboni. Mwalimu wake hana ruhusa ya kujificha nyuma ya maneno magumu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Al-Khwarizmi, huko Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliiandika al-jabr ili iwafae watu katika mirathi, wasia na biashara zao.

Nami nakiri kosa langu. Nilikuwa nikisomesha mirathi kwa kukaririsha tu. Siku moja kijana aliniuliza: "Maalim, mke, wazazi wawili na mabinti wawili, mafungu yao yanafika 27 katika 24. Yatatoka wapi hayo matatu?" Nikamkemea. Ingetosha kumwambia: mali igawe mafungu 27 badala ya 24, kila mmoja apungukiwe kwa kadiri ya fungu lake. Tangu siku ile hakuuliza tena.

Ewe mwalimu, nawe mzazi, mtoto akikuuliza "kwa nini", usimfukuze. Amekuja kudai amana yake.

Wabillahi tawfiq.