Jina Moja, Mawe Mangapi? Vito vya Unajimu wa Kihindi na Somo Lake kwa Mfasiri

Wanafunzi wetu wa tafsiri huuliza mara kwa mara: je, kila neno la lugha chanzi lina kisawe chake katika lugha lengwa? Katika makala haya tumekusudia kulijadili swali hilo kwa kupitia historia ya vito tisa vinavyotumika katika unajimu wa Kihindi. Tumevichagua kwa sababu mbili. Kwanza, majina ya vito yamesafiri sana baina ya Kisanskriti, Kigiriki, Kiajemi na Kiarabu, na baadhi yameingia hata katika Kiswahili. Pili, hapa kosa la tafsiri lina gharama. Mtu anaweza kulipia jiwe moja akapewa jingine, na muuzaji asiwe amesema uongo hata kidogo.

Vito tisa na graha tisa

Unajimu wa Kihindi una graha tisa: Jua, Mwezi, sayari tano zinazoonekana kwa macho, pamoja na Rahu na Ketu. Hizi mbili za mwisho si sayari kama tunavyozielewa leo. Ni nukta mbili angani ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua, nazo huhusishwa na kupatwa kwa Jua na Mwezi. Kila graha ina kito chake. Jua lina manikya, Mwezi una mukta, Mirihi ina vidruma, Utaridi ina marakata, Mshtarii ina pushparaga, Zuhura ina vajra, Zohali ina nila, Rahu ina gomeda na Ketu ina vaidurya. Mkusanyiko huu huitwa navaratna, yaani vito tisa. Mnajimu huangalia nyota za mtu, kisha humshauri avae kito fulani katika pete au mkufu.

Hatukusudii kuipima imani hiyo hapa. Linalotuhusu ni majina. Baadhi yake hayana taabu: mukta ni lulu, vidruma ni marijani, vajra ni almasi. Taabu inaanzia kwa yaliyobaki.

Majina yatokanayo na rangi

Pushparaga imeundwa kwa maneno mawili, pushpa yaani ua, na raga yaani rangi. Padmaraga, jina jingine la kito chekundu cha Jua, ni rangi ya yungiyungi. Nila ni buluu tu. Ndilo neno lililopita katika Kiajemi na Kiarabu hadi kuwa nili, ile rangi inayotiwa katika nguo nyeupe wakati wa kufua. Gomeda nayo hufasiriwa kuwa mafuta ya ng'ombe, kwa sababu ya wekundu wake wa asali.

Ni dhahiri kwamba waliotoa majina haya walitazama rangi. Hawakuwa na njia ya kujua kilichomo ndani ya jiwe. Kwa hiyo mawe mawili tofauti yenye rangi ya kufanana yangeweza kuitwa jina moja, na jiwe la aina moja lenye rangi tatu likapata majina matatu. Hivyo ndivyo ilivyotokea. Manikya, nila na pushparaga, kama zinavyoeleweka na wauza vito wengi wa leo, ni madini yale yale ya korundamu katika rangi nyekundu, buluu na manjano. Hata neno korundamu lenyewe limetoka Bara Hindi, likihusishwa na kuruntam la Kitamili na kuruvinda la Kisanskriti.

Sasa tuitazame pushparaga kwa karibu. Kamusi ya Kisanskriti ya Monier-Williams, katika toleo la 1899, inaitafsiri kuwa topazi. Mnajimu wa leo akitaja pushparaga, au pukhraj kwa Kihindi, kwa kawaida anakusudia korundamu ya manjano. Mawe haya mawili ni mbalimbali. Katika kipimo cha ugumu alichokiweka Friedrich Mohs mwaka 1812, topazi iko daraja la 8, korundamu daraja la 9 na almasi daraja la 10. Katika soko, korundamu nzuri ya manjano huuzwa kwa bei kubwa zaidi kuliko topazi ya kawaida. Mnunuzi aliyeshauriwa na mnajimu, na muuzaji aliyeshika kamusi, wanaweza kutamka jina moja kila mmoja akiwa na jiwe lake kichwani.

Safari ya vaidurya

Mfano mgumu kuliko yote ni vaidurya. Panini, mwanasarufi mkuu wa Kisanskriti aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, ametoa kanuni inayolinyambua neno hili kutokana na jina la mahali, Vidura. Patanjali, aliyekuja baadaye na kuifafanua kazi ya Panini, aliona tatizo: jiwe hilo halikuchimbwa Vidura, bali lilisafishwa huko tu. Kwa hiyo mjadala kuhusu jina hili una zaidi ya miaka elfu mbili, na ulianzia katika darasa la sarufi!

Katika Kipali neno hili ni veluriya. Wanaisimu wengi wanaliunganisha na beryllos la Kigiriki, ambalo ndilo asili ya jina la madini ya berili. Hili si la kushangaza, kwani Plinio, Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza, anaitaja India kuwa chimbuko la berili. Huko Ulaya mawe angavu ya aina hiyo yaliwahi kutumika kutengenezea lenzi, na ndiyo maana Wajerumani huiita miwani Brille. Kwa Kiarabu tunapata billaur, jiwe angavu kama kioo, na kwetu sisi tunapata bilauri. Hivyo neno linalomaanisha kito cha Ketu na gilasi tunayonywea maji huenda ni ndugu wa mbali.

Hata hivyo, maana haikutulia. Katika tafsiri nyingi za maandiko ya Kibuddha, vaidurya imefanywa kuwa lazuli, jiwe la buluu lisilopenya nuru. Kwa wanajimu wa leo vaidurya ni jicho la paka, yaani krisoberili yenye mstari wa mwanga unaocheza jiwe linapogeuzwa. Berili, lazuli, krisoberili: neno moja, mawe matatu yaliyo tofauti kimadini.

Waarabu walipanga vingine

Wataalamu wa vito walioandika kwa Kiarabu walikuwa na mpangilio mwingine. Neno yaqut, linalotokana na hyakinthos la Kigiriki, walilitumia kwa jiwe jekundu, la manjano na la buluu, wakitofautisha kwa kutaja rangi. Al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 973 na aliyejifunza Kisanskriti, hakutegemea macho peke yake. Alipima uzito wa vito akiulinganisha na ujazo wake. Katika kitabu chake cha vito aliieleza yaqut mbali na la'l, jiwe jekundu la Badakhshan ambalo leo tunaliita spineli. Ulaya ilichelewa. Spineli ilitenganishwa rasmi na yakuti mwaka 1783, na lile jiwe kubwa jekundu katika taji la Uingereza linaloitwa yakuti ya Mwanamfalme Mweusi ni spineli hadi leo, jina lake lisemavyo vingine.

Kiswahili kimerithi mpangilio wa Kiarabu: yakuti, kisha yakuti samawi. Mpangilio huo unakubaliana vizuri na elimu ya madini ya sasa. Lakini tusijisifu mapema. Katika Biblia ya Kiswahili, kwenye orodha ya vito vya Ufunuo sura ya 21, topazi imetafsiriwa kuwa yakuti ya manjano. Huo ni mkanganyiko ule ule wa pushparaga. Tena orodha hiyo hiyo inataja yakuti na hiakintho kama vito tofauti, ilhali majina yenyewe yana asili moja.

Mfasiri afanyeje?

Tunaona kwamba jina la jadi la kito hubeba rangi, mahali au matumizi. Jina la kisayansi hubeba madini. Haya ni mambo mawili, na kisawe kimoja hakiwezi kuyatosheleza yote. Gomeda ya leo ni aina ya madini ya grosulari. Grosulari ya kijani iligunduliwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha Kenya, na mwaka 1974 ikapewa jina la tsavoriti kutokana na Tsavo. Ni madini yale yale, lakini hakuna mnajimu atakayempa Rahu jiwe la kijani. Na jina lake limetokana na mahali, kama Panini alivyodai kuhusu vaidurya.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika matini za unajimu au za dini, jina la asili libaki, yaani pushparaga au gomeda, likifuatiwa na maelezo mafupi ya rangi. Pili, mfasiri aulize matini ni ya karne gani na iliandikwa na nani kabla ya kulitaja jiwe. Kamusi ya 1899 haimsemei mnajimu wa leo, wala wa leo hamsemei Panini. Tatu, katika matini za biashara, jina la madini liandikwe kando ya jina la jadi. Mteja anayekwenda kwa sonara afanye vivyo hivyo: aombe majina yote mawili katika risiti. Akipewa moja tu, hajui bado alichonunua.