UJENZI: Vigezo vya kuteua hodhi la kuogea

WENYE nyumba wanaokarabati bafu aghalabu huteua hodhi kwa kutazama rangi na bei. Hata hivyo, uimara wake hutegemea zaidi kitu kilichotumiwa kuliunda, uzani wake na maji yanayopatikana nyumbani.

Hodhi la chuma cha kusubu lililopakwa enameli ndilo hudumu zaidi. Enameli ni aina ya kioo kinachoyeyushwa juu ya chuma katika joto kali, nayo haichubuki upesi. Chuma hicho kikishapata moto, maji hayapoi haraka. Kasoro yake ni uzani: hodhi la urefu wa mita 1.7 huweza kupita kilo 100 likiwa tupu.

Hodhi la bati la chuma lenye enameli ni jepesi na nafuu kuliko hilo. Lakini likiangukiwa na kitu kizito, enameli hubanduka, na pasipozibwa mapema kutu huanza kula chuma.

Akriliki ni plastiki ngumu inayoimarishwa kwa nyuzi za kioo upande wa chini. Ni nyepesi, haina ubaridi mwilini, na mikwaruzo midogo huweza kung'arishwa. Hata hivyo, hodhi hilo huhitaji fremu madhubuti, la sivyo hubonyea na kupasuka. Lile la faibaglasi huwa la bei ya chini, ila ngozi yake ya juu hufifia na kufanya nyufa mapema.

Baadhi ya mafundi hujenga hodhi kwa saruji na terazo au vigae. Hili huweza kufuata umbo lolote la chumba, mradi tabaka la kuzuia maji liwekwe kabla ya vigae, kwani viungo vikivuja, ukuta na dari ya chini huharibika.

Uzani haupaswi kupuuzwa katika nyumba za ghorofa. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Hodhi la kilo 120, lenye lita 150 za maji na mtu wa kilo 70, huelemeza sakafu kwa kilo 340. Sakafu ya mbao yafaa ikaguliwe kwanza na mhandisi.

Lita hizo 150 ni zaidi ya ndoo saba za lita 20. Panapopatikana maji kwa zamu, tangi kubwa ni sharti. Vilevile, shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo hutoa maji polepole mno kujaza hodhi.

Katika usafi, asidi hula enameli, nayo tina huharibu akriliki; sabuni ya maji na kitambaa laini vyatosha.

Kabla ya vigae vya kando kuwekwa, hodhi lijazwe maji, likaguliwe kama linavuja, na uachwe mlango mdogo wa kufikia mabomba.