Kupanda Ufuko: Familia za Majini za Kusini mwa China

Katika Kiswahili msafiri hupanda chombo, na safari ikiisha hushuka pwani. Katika Kikanton mambo huwa kinyume: mtu hushuka chomboni, na akitoka humo husemwa kuwa amepanda ufuko. Tofauti hii ingebaki kuwa suala la nahau tu, lau si historia ya watu ambao kwao kupanda ufuko kulikuwa, kwa karne nyingi, jambo walilonyimwa.

Watu hao ni wakazi wa vyombo wa jimbo la Guangdong na maji ya Hong Kong. Wenyewe hujiita seui seung yan, yaani watu wa juu ya maji. Wenyeji wa nchi kavu waliwaita Tanka, na jina hilo lilikuwa tusi. Herufi ya kale iliyotumiwa kuliandika hubeba ndani yake alama ya mdudu. Mume na mke, watoto na wazee, wote waliishi katika chombo kimoja, wakavua samaki, wakavusha abiria na mizigo. Chombo kilikuwa nyumba, shamba na urithi kwa pamoja.

Mnamo mwaka 1729 Mfalme Yongzheng wa nasaba ya Qing alitoa amri kuhusu hali yao. Amri hiyo ilikiri kwamba watu hao walidharauliwa na kuzuiwa kukaa nchi kavu, ilhali walikuwa raia wema waliolipa kodi ya uvuvi kama wengine walivyolipa kodi zao. Mwenye uwezo wa kujenga nyumba au kibanda aliruhusiwa kukaa katika vijiji vya karibu na maji na kuandikishwa pamoja na raia wengine, na wenye nguvu wa huko wakaonywa wasimfukuze. Lakini ruhusa ya mfalme ilikuwa jambo moja, na ukarimu wa jirani jambo jingine. Kanuni ya mwaka 1771 iliweka wazi kwamba aliyeacha hali yake ya zamani angengoja hadi kizazi cha nne ndipo wazawa wake waweze kuingia katika mitihani ya serikali. Hivyo basi, mzee aliyejenga kibanda ufukoni alikuwa akimjengea kitukuu ambaye huenda asingemwona kamwe.

Dharau hiyo ilisimama juu ya madai kwamba watu wa majini ni kabila jingine kabisa. Wapo waliodai hata kwamba wana vidole sita mguuni. Mwanaanthropolojia Barbara Ward, aliyefanya utafiti katika kijiji cha wavuvi cha Kau Sai, Hong Kong, kuanzia miaka ya 1950, aliwakuta wakisema Kikanton na kujihesabu Wachina kama Wachina wengine. Ni dhahiri, basi, kwamba mpaka baina ya maji na nchi kavu ulitunzwa zaidi na jina kuliko na lugha au damu.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba kila familia ilitamani nchi kavu. Chomboni hapakuwa na kodi ya nyumba, na kila mkono ulikuwa na kazi: mke alishika usukani, watoto walisaidia nyavu. Kumpeleka mtoto shuleni kulikuwa kumpunguza baharia. Mizani hii ilianza kugeuka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Serikali ya kikoloni ya Hong Kong iliunda shirika la kuuza samaki, ambalo lilitoa mikopo na kufungua shule za watoto wa wavuvi. Nayo injini ikachukua mahali pa tanga. Injini ilihitaji fedha zaidi na mikono michache zaidi. Bibi na wajukuu waliweza kubaki bandarini kwa ajili ya masomo, na wazazi wakaenda mbali baharini. Tarehe 1 Septemba 1962 tufani iliyoitwa Wanda ilivunja vyombo vingi, na kwa waliopoteza chombo hapakuwa tena na la kupima.

Wengine waliamua nusu kwa nusu. Huko Tai O, katika kisiwa cha Lantau, walijenga nyumba juu ya nguzo ndani ya maji, mashua ikifungwa mlangoni. Wengine hawakupewa hata nafasi ya kuamua. Mwaka 1979 wakazi wa vyombo vichakavu vya Yau Ma Tei walidai wapewe makazi nchi kavu, na baadhi yao wakakamatwa walipokuwa njiani kuwasilisha ombi lao. Miongoni mwao walikuwamo wanaume waliooa wanawake kutoka China bara, wanawake wasio na vibali vya kuishi Hong Kong. Kwa familia ya namna hiyo, swali halikuwa tena baina ya chombo na nyumba. Mama asiyeruhusiwa kukanyaga ufuko hangeweza kuwafuata watoto wake kwenye nyumba ya serikali.

Sensa ya mwaka 1961 iliwahesabu wakazi wa vyombo Hong Kong kuwa zaidi ya 130,000. Ile ya mwaka 2011 iliwakuta wapatao 1,200 tu. Waliohama walipata shule, hospitali na anwani. Pamoja na chombo waliacha nyimbo za maji ya chumvi, ambazo vijana waliimbiana katika uchumba na wazee katika harusi, na lafudhi ambayo watoto wao walijifunza kuificha darasani ili wasitambuliwe. Kikanton kimeendelea kusema kwamba mtu hupanda ufuko. Kwa familia hizi kitenzi hicho kilikuwa na maana yake kamili: ufuko ulikuwa juu, na kila ngazi ilikuwa na mlinzi wake.